Siku Nilipooka Bomba Ndani ya Fensi

Wacha niseme mapema ili msinicheke katikati: aibu yangu haikuwa ya kuteleza kwa matope wala ya kupanda mbele ya kanisa na sketi imegeuzwa, hizo nimezipitia na bado niko hai. Hii ilikuwa aibu ya kumfanya mama yangu aangaliwe vibaya na wanawake aliozeeka nao, mchana kweupe, mbele ya chifu, mchungaji na wageni, kwa sababu ya keki. Ndiyo, keki. Sasa naweza kuisimulia bila kujifunika uso, ingawa hadi leo nikimwona mtu wa kijijini kwetu pale stendi ya Nyeri huwa naingia duka lolote lililo karibu na kuanza kuulizia bei ya misumari.

Mimi naoka keki Ruring'u, upande wa nyuma wa uwanja, kwa chumba kimoja chenye jiko la kuoka, friji na meza ndefu. Kama hujakaa upande wetu huenda usielewe biashara yangu, kwa hivyo nieleze kidogo: huku kwetu shughuli bila keki bado haijakuwa shughuli, na si harusi peke yake, mtoto akimaliza chuo ni keki, mahari ikipelekwa ni keki, kanisa likipata mabati mapya ni keki, tena yenye umbo la kanisa lenyewe na mabati juu (nimekunja mabati ya sukari mpaka vidole vikakakamaa). Nimeoka trekta, nimeoka ng'ombe wa gredi na maziwa yake, nimeoka Biblia iliyofunguliwa. Watu hawaridhiki mpaka keki ifanane na kitu kinachosherehekewa, na ikifanana wanaipiga picha kuliko bibi harusi mwenyewe.

Kwa hivyo Muriithi aliponipigia simu kuniambia kamati inataka keki ya kituo, mimi sikushangaa hata kidogo. Muriithi ndiye katibu wa kamati ya kijijini kwetu, mtu mwepesi wa miguu na wa maneno, hana neno baya na mtu yeyote, na hilo ndilo tatizo lake, kwa sababu mtu anayekubaliana na kila mtu haangalii sana anakubali nini. Akaniambia, "Wanjira, tunataka ifanane kabisa. Darasa, lango, fensi, tangi, bomba, hata wanyama. Wageni wakiona washike mdomo."

Hapo itabidi nirudi nyuma. Watu wakisikia Nyeri hufikiria majani chai na baridi ya kuvaa sweta mbili, lakini ukipita Kiganjo ukaendelea kuingia Kieni, mlima unaizuia mvua na nchi inabadilika, nyasi inakuwa na rangi ya katoni, miti inakuwa ya miiba, na vumbi linaingia hata kwenye sufuria iliyofunikwa. Huko ndiko nyumbani kwa mama, na ndiko nilikozaliwa kabla sijakimbilia mjini kukanda unga. Kijiji chetu kimepakana na hifadhi ya wanyama. Sisi tuko huku na mbuzi wetu, wao wako kule na ndovu wao, na katikati kuna fensi ya stima ambayo ndovu waliielewa mapema kuliko mbuzi.

Sasa hifadhi ilikuwa imekuja na wazo la kujenga kituo cha elimu ya jangwa, hapo hapo kando ya fensi, kwenye kipande cha ardhi ya kijiji ambacho hakikuwa kikilimwa kitu. Wanafunzi wangetoka Karatina, Kangema na huko kote ambako mvua haijawahi kumkosesha mtu usingizi, waje walale hapo, waone mimea inavyoishi bila maji mengi na wanyama wanavyotafuta kivuli. Wazo zuri. Mama alikuwa na kasoro moja tu nalo, nayo ilikuwa hilo neno jangwa. "Hapa si jangwa," aliniambia kwa simu akiwa amekasirika kabisa. "Hapa ni nyumbani. Jua tu ndio iko mingi." Lakini wenye kulipia ujenzi walilipenda hilo jina, na mama akaliacha lipite kwa sababu alikuwa anaangalia kitu kingine.

Alikuwa anaangalia maji. Kituo kingechimba kisima kirefu chenye pampu, na hifadhi ilikubali kwamba kijiji kitapata bomba. Swali likawa, bomba litakaa wapi? Kwenye karatasi ya kwanza kabisa lilikuwa ndani ya fensi ya kituo, na wanawake wakakataa papo hapo, kwa sababu bomba la ndani lina lango, na lango lina mlinzi, na mlinzi ana saa zake na marafiki zake na siku zake za kuamka vibaya. Isitoshe hawakuwa wanakisia. Zamani nikiwa msichana kulichimbwa kisima kwa maneno matamu kama hayo hayo, "cha watu wote", kisha mwaka ukapita na kikajikuta ndani ya boma la mtu mmoja, na wanawake wakarudi kushika njia ya mtoni, ile inayopita karibu na mahali ndovu hunywa.

Mama yangu ndiye mwenyekiti wa kikundi cha wanawake, au ndiye aliyekuwa. Alienda mikutano yote, chini ya hema, kwenye jua, kwenye upepo. Nilikuwepo siku moja nimeenda kumsalimia, nikakuta wanakijiji wamechora kituo chote kwenye udongo kwa jivu na mawe, wakibishana mlango uangalie wapi, na mama amepiga magoti hapo chini na nguo yake nzuri, anashika jiwe la bomba na kulitoa nje ya mstari wa jivu, mtu analirudisha, analitoa tena, mpaka wakachoka wakaliacha nje. Hifadhi ikakubali na mchoro ukabadilishwa. Halafu mama akafanya kazi iliyokuwa ngumu zaidi, akapita nyumba kwa nyumba kuwaambia wanawake waamini. Mama Gathoni, jirani yetu (mwanamke mwenye akili kali na mdomo mkali zaidi, aliyekunywa maji ya ule mto akapata homa ya matumbo na hajasahau), alimwuliza, "Na wakigeuza?" Mama akamjibu, "Wakigeuza, mje mniulize mimi."

Kwa hivyo mkutano wa mwisho, ule wa kuinua mikono, haukuwa mkutano wa kituo tu kwa mama. Kijiji kikikubali, ujenzi unaanza. Kikikataa, wenye kulipia wangepeleka kituo chao kwa watu wa upande ule mwingine wa hifadhi, na kisima pia. Na katikati ya hayo yote kulikuwa na neno la mama yangu, ambalo wanawake walikuwa wamelibeba kama walivyoshauriwa. Nilijua haya yote. Nataka mkumbuke kwamba nilijua.

Basi nikaoka. Nikatengeneza darasa la paa jekundu, lango la chokoleti, nikasaga biskuti nikazimwaga kila mahali ziwe mchanga, nikafinyanga ndovu wawili, twiga mmoja na mbuzi (mbuzi niliwaweka huku kwetu, sikutaka kesi). Fensi ilikuwa ya vijiti vya biskuti. Tangi la maji lilikuwa keki ndogo ya duara niliyoivalisha aisingi nyeusi, ile ya kukandwa kama chapati, na mbele yake bomba dogo la sukari ya rangi ya fedha ambalo nililipenda kuliko kitu kingine chochote kwenye hiyo keki. Picha ya mchoro nilikuwa nayo kwa simu, Muriithi alinitumia, na nilikuwa nikiifuata vizuri mpaka nikafika mwisho wa ubao.

Ubao uliisha. Hiyo ndiyo habari yote. Nilikuwa nimepanua jangwa la biskuti mno kwa sababu lilipendeza, na nilipofika kwenye tangi na bomba, ambavyo vilipaswa kukaa nje ya fensi, hakukuwa na nje iliyobaki, kulikuwa na ukingo mwembamba tu na kisha hewa. Ubao mkubwa zaidi sikuwa nao. Nikasimama nikaangalia. Ndani ya fensi, kando ya darasa, palikuwa na nafasi safi kama iliyongoja. Nikajiambia, nani atateka maji kwenye keki? Nikaliinua tangi nikaliweka ndani, nikalikandamiza kidogo lishike, nikapangusa mikono, na jioni hiyo nikalala vizuri kabisa, nashukuru, kwa sababu nimelala vibaya mara nyingi baadaye.

Asubuhi binamu yangu alikuja na Probox yake, tukaiweka keki nyuma na mimi nikakaa nayo huko nyuma nimeishika kama mgonjwa anayepelekwa hospitali. Tulipoacha lami ndovu mmoja akapoteza mkonga, nikamrudishia kwa kijiti cha meno. Tukafika. Hema mbili zimesimama, viti vya plastiki vimepangwa, chai inachemka kwa sufuria kubwa, wanawake wa kikundi wamevaa leso za kufanana, na mama yangu amekaa mbele, kwenye safu ya wenye viti vyenye kitambaa, karibu na meneja wa hifadhi. Aliponiona akanipungia mkono kidogo tu, lakini niliona amefurahi. Keki iliwekwa mezani ikafunikwa kwa neti. Mchungaji akaomba (aliombea mvua, kituo, ndovu wawe wapole, na keki pia, aliitaja).

Mambo yangeishia vizuri kama si upepo. Muriithi alikuwa na mchoro mkubwa wa karatasi wa kuwaonyesha watu kabla ya kuinua mikono, vijana wawili wakaushika huku na huku, lakini upepo wa kwetu hauheshimu karatasi, ukaupiga ukageuka, ukaupiga tena ukapasuka kona, watu wa nyuma wakaanza kulalamika hawaoni kitu. Na Muriithi, mwepesi wa miguu, akapata wazo. Nilimwona akilipata. Akaiambia hadhara, "Watu wetu, si tuko na keki? Kila kitu iko hapa. Kujeni karibu muone kituo chenu." Akafunua neti.

Watu wakasema aaah. Kweli walisema, na mimi mjinga nikatabasamu na kujirekebisha kitambaa cha kichwa, kwa sababu kila mwokaji huishi kwa ajili ya ile aaah. Wanawake wakasogea mbele. Muriithi akachukua kile kisu cha kukatia keki, kimefungwa utepe, akaanza kuonyesha nacho. "Hapa ni lango. Hapa ni darasa ya watoto. Hapa ndio watalala. Hii ni fensi. Na hapa," akagusa tangi kwa ncha ya kisu, "ni maji yetu."

Halafu Mama Gathoni akasema, bila kupandisha sauti, "Muriithi, rudia hapo kwa maji."

Muriithi akarudia, masikini, akiwa bado anatabasamu. "Hapa. Tangi na bomba."

"Na fensi ni gani?"

"Fensi ni hii." Ndipo akaona. Niliona uso wake ukiona. Na mimi nilikuwa nimeona kabla yake, tangu Mama Gathoni alipofungua mdomo.

"Kwa hivyo bomba iko ndani," Mama Gathoni akasema, sasa akiwaambia wanawake na si Muriithi. "Wameirudisha ndani."

Sauti zikapanda kila mahali. Meneja wa hifadhi, mwanamke mpole ambaye alikuwa amejifunza kusalimia kwa Kikuyu na sasa Kikuyu chote kilikuwa kimemhama, akasimama akasema hapana, bomba liko nje, angalieni karatasi. Wakaishika ile karatasi, vijana wanne sasa, na kweli bomba lilikuwa nje, wazi kabisa, limechorwa kwa wino wa buluu. Nikadhani tumepona. Lakini Mama Gathoni akaiangalia karatasi, akaiangalia keki, akauliza swali ambalo nimelifikiria tangu siku hiyo na bado sijapata jibu lake zuri.

"Karatasi ilichorwa lini? Mwaka jana. Na keki imeokwa lini? Jana. Sasa ile mpya ni gani?"

Mnaweza kucheka. Hata mimi siku zingine nacheka. Lakini ukikaa ukafikiria, alikuwa na haki. Watu wa kwetu hawajawahi kudanganywa na karatasi ya makubaliano, karatasi ya makubaliano huwa nzuri siku zote, husomwa kwa sauti na kupigiwa makofi. Hudanganywa na ile inayokuja baadaye, ile hakuna aliyewaonyesha, na mara nyingi huijua kwa bahati tu, kwa neno lililomponyoka mtu, kwa ukuta unaoanza kujengwa mahali pasipo pake. Kwao keki ilikuwa neno lililoponyoka. Na aliyeioka hakuwa mtu wa kutoka mbali asiyejua kitu, alikuwa mtoto wa mwenyekiti. Mtoto wa mwenyekiti angekosaje kujua?

Hapo ndipo ningepaswa kusimama nikasema ukweli kwa utaratibu. Badala yake nilifanya kitu cha kijinga kuliko vyote nilivyowahi kufanya na mikono hii. Nilikimbia mpaka mezani nikasema, "Ngojeni, ni makosa yangu, nairekebisha," nikaling'oa tangi kutoka ndani ya fensi, na bomba lake, nikaliweka nje, pale ukingoni, mbele ya kijiji kizima.

Likakaa kidogo. Kisha likaegemea, likabiringika, likaanguka kwenye vumbi, na mbwa mmoja aliyekuwa amelala chini ya meza akanyanyuka akaondoka nalo.

Vijana wakaangua kicheko, binamu yangu pia, nilimsikia. Wanawake hawakucheka. Mama mmoja nyuma akasema, "Mmeona? Mmeona vile inasongeshwa? Ikiwa wanasongesha tukiwa hapa tunaangalia, tukienda nyumbani itakuwaje?" Nikaanza kueleza habari ya ubao. Nilisema ubao uliisha, nilisema nilimwaga biskuti nyingi, nilisema nafasi haikuwepo, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyosikika kama mtu aliyefundishwa la kusema. Ati ubao! Hata mimi ningekuwa nimekaa upande wao nisingeamini.

Ndipo Mama Gathoni akamgeukia mama yangu. Hakumwita Mama Wanjira kama kawaida. Alisema, "Chairlady, ulituambia tukuulize. Tunakuuliza. Ulijua?"

Mama aliniangalia kwanza. Ningependa kuwaambia aliniangalia kwa hasira, hasira ningeivumilia. Aliniangalia kama mtu anayetafuta, kama vile yeye mwenyewe kwa sekunde hiyo hakuwa na hakika, kama vile huenda kweli kuna mtu alinipigia simu kuniambia weka ndani na mimi nikaweka. Mama yangu mwenyewe! Na siwezi kumlaumu, maana nilijua bomba linamaanisha nini na bado nililisogeza kwa sababu tu ubao ulikuwa umeniishia.

"Sikujua," mama akasema. "Lakini huyu ni mtoto wangu, na hiyo keki imetoka kwangu. Sitawaambia muinue mikono." Akainuka kutoka kwenye kile kiti cha kitambaa, akaenda akakaa nyuma kabisa, kwenye benchi ya kanisa iliyokuwa imeletwa kwa ajili ya watoto. Kiti chake kikabaki wazi pale mbele kati ya chifu na meneja, na hakuna aliyejua akiangalie au asikiangalie.

Chifu alitaka kuahirisha mkutano. Meneja akasema kwa upole kwamba waliotumwa na wenye kulipia wako hapa leo na huenda wasirudi. Muriithi alikuwa anakubaliana na wote wawili. Mimi nilisimama karibu na keki yangu yenye shimo, jua likiyeyusha twiga, na nilikuwa nikilia sasa, si kilio cha sauti, kile cha pua tu, na hakuna aliyenipa kitambaa.

Aliyetukwamua ni Mama Gathoni, na sidhani alikusudia kumwokoa mtu. Alisema, "Mimi sitaki karatasi na sitaki keki. Nataka kuona mahali. Twendeni huko sasa hivi, mtuonyeshe kwa mchanga, tupige vigingi sisi wenyewe. Tukimaliza ndio tutaongea mambo ya mikono."

Kwa hivyo tukaenda, wote, mchungaji, chifu, wageni na viatu vyao safi, wanawake na leso zao, tukavuka ile nyasi kavu mpaka kwenye kipande chenyewe. Meneja akaonyesha fensi itapita wapi. Watu wakavunja miti mikavu, wakachonga vigingi kwa panga, na Mama Gathoni akapiga cha kwanza kwa jiwe, nje kabisa ya mstari, hatua kadhaa zaidi hata ya zile zilizokuwa kwenye mchoro, akamwangalia meneja aone kama atakataa. Meneja hakukataa. Wanawake wengine wakaleta mawe wakazungushia kila kigingi, mawe makubwa, ya kubebwa na watu wawili. Walimwita kila mtu aje aone. Hawakumwita mama, lakini alikuwa amekuja na yeye, amesimama kando, na alipoona jiwe moja limekaa vibaya akapiga magoti akalisawazisha.

Walirudi wakainua mikono na kituo kikapita. Keki ilikatwa pia, kwa sababu kwetu keki haitupwi, na watu waliila vizuri ajabu, wakasema ni tamu. Mimi sikuonja. Nilipopeleka kipande kwa mama kule kwenye benchi alikipokea kwa mikono miwili kama mgeni, akasema asante, akampa mtoto aliyekaa kando yake.

Miezi iliyofuata kikundi kilichagua viongozi, na wakamchagua Mama Gathoni. Hakuna aliyemsema mama vibaya, hata kidogo, walimshukuru kwa kazi aliyofanya na kumpigia makofi. Wengi waliniambia baadaye wanaamini ile habari ya ubao. Wanaamini, lakini kuna kuamini ukiwa umekaa na kuna kuamini ukiwa umebeba mtungi, na kiti hawakumrudishia. Mara nyingi najiuliza kama keki yangu haikufanya kazi nzuri bila kutaka, kwa sababu bila ule msukosuko hakuna ambaye angepiga vigingi, na nani ajuaye karatasi ingegeukia wapi. Muriithi huniambia hivyo kila tukionana. Ni maneno ya kumfariji mtu na huwa namshukuru, kisha nakumbuka jinsi mama alivyoniangalia.

Tangu siku hiyo nimejiwekea sheria na wateja wananijua nayo. Kanisa likiwa limesimama, nitalioka, na mabati yake yote. Trekta ikiwa imenunuliwa, nitaioka. Lakini kitu ambacho bado kiko kwenye maneno ya watu, kitu walichoahidiana na hakijajengwa, hicho sioki, nakupa keki ya duara yenye maua na kukuambia hongera. Wengine hukasirika na kwenda kwa mwingine. Waende tu.

Kituo kimeisha sasa, kina paa jekundu kweli, na mabasi ya shule huja. Bomba liko nje ya fensi, pale pale kwenye mawe. Juzi nilienda nyumbani kumwona mama nikamkosa, wakaniambia yuko majini, nikamfuata, nikakuta foleni ya wanawake na mitungi yao ya manjano, wanacheka, wanaongea, wananisalimia vizuri, "Wanjira, umefika? Habari ya mjini?" Mama alikuwa wa mwisho kabisa. Nikamwuliza mbona asipite mbele na yeye ndiye mzee kati yao, tena ndiye aliyelipigania hili bomba mpaka magoti yakachubuka.

"Nikipita mbele watasema ndio maana niliitaka," akasema. "Na huku mwisho ni kuzuri. Hakuna mtu nyuma yangu wa kuniongelea."

Alisema hivyo akitabasamu, na mimi sikuweza. Nilichukua mtungi mmoja kutoka mkononi mwake, nikasimama nyuma yake mpaka zamu yetu ikafika.